Sayansi haikuporwa, ilikabidhiwa

Mwezi Machi 1991 Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, alikuwa amebanwa na madeni kila upande. Ili apate pumzi akauza Pergamon Press, kampuni ya majarida ya kisayansi aliyoilea kwa miaka 40 na iliyompa utajiri wake wa kwanza. Mnunuzi alikuwa Elsevier ya Amsterdam, kwa pauni milioni 440. Miezi minane baadaye, tarehe 5 Novemba, Maxwell alitoweka kwenye yoti yake na maiti yake ikaopolewa baharini karibu na Visiwa vya Canary. Haukupita muda ikabainika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake. Dunia ikashughulika na kashfa hiyo, na ni wachache waliokumbuka kuuliza Elsevier ilikuwa imenunua nini hasa.

Ilikuwa imenunua majarida yapatayo 400, na pamoja nayo namna ya kufanya biashara ambayo mwenye kiwanda cha sabuni au cha saruji angeitamani. Malighafi, yaani makala, huletwa na watafiti bila malipo. Ubora wake hukaguliwa na watafiti wengine, nao bila malipo. Kisha bidhaa huuzwa kwa maktaba za vyuo vilevile vinavyowalipa watafiti hao mishahara. Maktaba haina nafasi ya kusema itatafuta ya bei nafuu kwingine, kwa sababu makala iliyotoka katika jarida moja haitoki katika jingine. Ada ya mwaka hulipwa mapema, kabla toleo la kwanza halijachapwa. Mlipa kodi hugharamia utafiti, hugharamia mshahara wa anayeukagua, halafu huingiza tena mkono mfukoni kununua kilichoandikwa.

Wengi wakiisikia habari hii husema kampuni zimeipora sayansi. Historia ya Elsevier na Pergamon haisemi hivyo. Inaonyesha wanasayansi na vyuo wakiikabidhi kazi yao kwa hiari, jarida moja baada ya jingine, na mara nyingi wakishukuru. Jambo hilo linavihusu vyuo vya Afrika Mashariki moja kwa moja, maana vyenyewe bado vinakabidhi.

Hata jina la Elsevier ni la kuazima. Ukoo wa Elzevir ulianza biashara ya vitabu mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1580, na sifa yake kubwa ni ya mwaka 1638, ulipochapa kitabu cha mwisho cha Galileo kuhusu mwendo na uimara wa vitu. Mzee huyo alikuwa amefungiwa nyumbani kwake karibu na Florence kwa amri ya Kanisa, na ilibidi muswada upenyezwe hadi Uholanzi, ambako mkono wa wakaguzi wa Roma haukufika. Biashara ya ukoo huo ilikufa mwaka 1712. Mwaka 1880 wauza vitabu watano wa Kiholanzi, mmoja wao Jacobus Robbers, walifungua kampuni mpya Rotterdam, wakajitwalia jina la wazee wale pamoja na nembo yao: mti uliozongwa na mzabibu, na mzee amesimama chini yake. Nembo hiyo ingali kwenye majalada. Msomaji asiyejua hudhani ameshika kitu cha kampuni yenye umri wa zaidi ya miaka 400, kumbe damu ya Elzevir haimo hata tone.

Kwa miongo kadhaa kampuni hiyo iliuza riwaya na ensaiklopedia. Sayansi ilianza kuwa biashara yake katika miaka ya 1930, Wanazi walipowafukuza wataalamu wa Kiyahudi. Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha kuu ya kemia na fizikia, na waliokimbia walihitaji mchapishaji nje ya Ujerumani. Mkurugenzi wa Elsevier, J. P. Klautz, akaiona nafasi. Mwaka 1947 kampuni ilizindua jarida la biokemia, Biochimica et Biophysica Acta, na njia ikafunguka.

Aliyeonyesha utajiri uliojificha humo, hata hivyo, ni Maxwell. Alizaliwa mwaka 1923 katika familia fukara ya Kiyahudi huko Czechoslovakia, akapigana katika jeshi la Uingereza na kupata nishani ya ushujaa. Vita vilipoisha alipangiwa kazi ya kusimamia habari mjini Berlin. Huko alikutana na Ferdinand Springer, mchapishaji mkubwa wa sayansi wa Ujerumani, ambaye maghala yake yalijaa vitabu na majarida ambayo wanasayansi wa Uingereza na Marekani walikuwa na kiu nayo. Maxwell akawa msambazaji wake. Mwaka 1951 alinunua robo tatu ya kampuni ndogo ya London, Butterworth-Springer, kwa pauni 13,000. Robo iliyobaki ilikuwa ya Paul Rosbaud, mtaalamu wa metali kutoka Austria ambaye wakati wa vita aliishi Berlin na kuwapelekea Waingereza siri za Wanazi. Kampuni ikapewa jina jipya, Pergamon.

Rosbaud aliijua sayansi, Maxwell aliwajua watu. Wazo la Rosbaud lilikuwa kwamba vita vimezaa matawi mapya ya sayansi na kila tawi linahitaji jarida lake. Vyama vya kitaaluma vya Uingereza, ambavyo vilikuwa vikichapisha majarida tangu mwaka 1665, vilikuwa vizito. Makala ilikaa foleni miezi na miezi, na vyama vingi havikuwa na fedha za kupanua lolote. Maxwell alikuwa tayari kuanzisha jarida kesho yake asubuhi. Alimfuata profesa mwenye jina, akamwambia kwamba uwanja wake unastahili jarida la kimataifa na kwamba mhariri wake hawezi kuwa mwingine ila yeye. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ulipoitisha mkutano wa Geneva kuhusu matumizi ya amani ya nishati ya atomu, Maxwell alikodi ofisi karibu na ukumbi, akawa anaingia kwenye vikao na dhifa akiomba miswada na kusainisha wahariri.

Baadaye makao ya Pergamon yalihamia Headington Hill Hall, jumba kubwa alilokodi kutoka halmashauri ya jiji la Oxford. Maxwell alitania kwamba hakuna mpangaji wa halmashauri aliyepata nyumba nzuri kama yake. Wahariri walikaribishwa humo kwa karamu na mvinyo. Mkono mtupu haulambwi, na wa Maxwell haukuwa mtupu. Rosbaud aliondoka mwaka 1956 baada ya wawili hao kushindwana, lakini kampuni haikutetereka: mwaka 1959 ilikuwa na majarida 40, miaka sita baadaye yalikuwa 150.

Ni rahisi kumgeuza Maxwell jini la hadithi hii, naye alijitahidi kusaidia. Mwaka 1971 wakaguzi wa serikali ya Uingereza, baada ya kupekua hesabu za Pergamon, waliandika kwamba si mtu wa kuaminiwa kusimamia kampuni iliyo kwenye soko la hisa. Hata hivyo hakuna profesa aliyetiwa kabali. Kila mmoja alipata alichokitaka: jarida la fani yake, cheo cha mhariri, safari, na makala zilizotoka haraka. Ankara ilikwenda maktaba, kwenye meza ya mkutubi, na profesa hakuiona. Hapo ndipo ubunifu wenyewe ulipokuwa. Anayechagua jarida si yeye anayelilipia, na mfanyabiashara akishapata soko la namna hiyo anaweza kupandisha bei kila Januari bila kusikia kelele.

Kelele zilikuja baadaye, na zilitoka kwa wakutubi. Elsevier, ikiwa sasa na majarida zaidi ya 1,000, iliungana na Reed ya Uingereza mwaka 1993. Mwaka 1995 jarida la biashara la Marekani, Forbes, lilitabiri kwamba kampuni hiyo ingekuwa mhanga wa kwanza wa intaneti, kwa kuwa wanasayansi wangeweza kuwekeana makala mtandaoni bila dalali. Utabiri ulikwenda kinyume kabisa. Elsevier iliyahamishia majarida yake kwenye tovuti ya ScienceDirect na kuanza kuyauza kwa mafungu. Chuo kinalipa bei moja ya jumla kwa mkataba wa miaka kadhaa na kupata mamia ya majarida, yakiwemo ambayo hakuna anayeyafungua, na kikitaka kuacha machache ili kupunguza gharama, hesabu inakataa. Mwaka 2010 kampuni ilipata mapato ya pauni bilioni 2 na faida ya pauni milioni 724, yaani asilimia 36. Kundi mama lilibadili jina mwaka 2015 na kuitwa RELX. Mwaka 2023 idara yake ya sayansi na tiba ilivuna mapato ya zaidi ya pauni bilioni 3, na faida ilikuwa asilimia 38. Mwaka 2012 kamati ya wahadhiri ya Harvard, chuo tajiri kuliko vyote duniani, iliwaandikia wenzao kwamba majarida yanakigharimu chuo karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, mengine dola 40,000 kwa jarida moja, na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Harvard ikilia, Dodoma na Eldoret zifanyeje?

Mwaka uleule wa 1991 Elsevier ilinunua pia The Lancet, jarida la tiba lililoanzishwa London mwaka 1823, na kurasa zake zina mengi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1964 ndimo ilimotoka taarifa ya virusi vilivyoonekana kwenye seli za uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ule aliouchunguza daktari Denis Burkitt akiwa Kampala. Virusi hivyo leo huitwa Epstein-Barr. Mwaka 1985 David Serwadda wa Makerere na wenzake walieleza humo ugonjwa uliokuwa ukikondesha watu kusini mwa nchi hiyo, nao ukawa UKIMWI.

Mfano wa Mwanza, Tanzania, nao wa kurasa hizohizo, unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jamii 12 za vijijini mkoani humo zilipangwa kwa jozi sita. Katika kila jozi, upande mmoja uliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati za kawaida, na upande wa pili ukasubiri. Watu wazima wapatao 1,000 kutoka kila jamii walifuatiliwa kwa miaka miwili. Palipoboreshwa matibabu, walioambukizwa VVU walikuwa asilimia 1.2, kwingine walikuwa asilimia 1.9. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40, kwa dawa za kawaida na wahudumu waliopigwa msasa. Dunia nzima ya tiba iligeuza shingo kutazama Mwanza.

Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye bajeti za umma za Ulaya. Kazi ilifanywa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, shirika la afya la AMREF na chuo cha tiba cha London School of Hygiene and Tropical Medicine. Damu iliyopimwa ilikuwa ya wakulima na wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 1995, nalo likatoa uhariri wake na jina lake kubwa, na tangu siku hiyo makala ikawa mali ya biashara ya Amsterdam. Watafiti hawakudhulumiwa kwa mujibu wa mkataba. Walifanya ambacho mtafiti yeyote mwenye akili angefanya, kwa sababu matokeo yaleyale yangetoka katika jarida la Tanzania yasingegeuza shingo ya mtu.

Liberia iliona upande mbaya wa utaratibu huo. Mwaka 2015, Ebola ikiwa bado haijazimwa, mganga mkuu wa wizara ya afya ya nchi hiyo, Bernice Dahn, na wenzake waliandika katika New York Times kwamba wamekuta makala ya mwaka 1982 ya watafiti wa Ulaya iliyosema Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye virusi vya Ebola. Maonyo yalikuwepo miaka 30 na zaidi. Hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi wake, na kuipakua makala moja kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki.

Kampuni ina utetezi wake, na baadhi una nguvu. Kupanga wakaguzi, kuhariri, kuhifadhi makala kwa miongo na kuendesha tovuti inayotumiwa na mamilioni ya watu si kazi ya bure. Mwaka 2002 Elsevier ilikuwa miongoni mwa wachapishaji sita walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani kuzindua HINARI, mpango unaowapa watumiaji wa nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Madaktari wa hospitali za Muhimbili na Bugando wanaujua. Ila mkarimu ndiye anayepanga karamu inaisha lini. Januari 2011 wachapishaji kadhaa, Elsevier ikiwemo, waliiondolea Bangladesh majarida yao katika mpango huo, na yalirudishwa baada ya madaktari kupiga makelele. Na uangalizi wa kampuni nao umewahi kulala: mwaka 2009 ilikiri kwamba kati ya 2000 na 2005 ofisi yake ya Australia ilitoa machapisho sita yaliyofanana na majarida ya kisayansi, kumbe yamelipiwa na kampuni za dawa na msomaji hakuambiwa.

Sasa mlango umegeuzwa. Badala ya msomaji kulipa, majarida mengi yanamlipisha mwandishi ili makala isomwe bure. Kwa msomaji wa Kigoma ni neema. Kwa mtafiti asiye na mfadhili ni ukuta uleule umehamishiwa upande wake. Jarida la NeuroImage la Elsevier lilipofikisha ada ya dola 3,450 kwa makala, wahariri wake zaidi ya 40 waliomba ipunguzwe, wakakataliwa, na Aprili 2023 wakajiuzulu wote kwa pamoja na kuanzisha jarida jipya, Imaging Neuroscience, chini ya MIT Press. Wahariri wa jarida la isimu, Lingua, walikuwa wamefanya hivyohivyo mwaka 2015 na kuzaa Glossa. Vitendo hivyo vinathibitisha hoja: waliokabidhi wanaweza kuchukua chao, alimradi wakubali kuliacha jina nyuma.

Na jina ndilo linalouzwa siku hizi. Mwaka 2004 Elsevier ilizindua Scopus, hifadhidata inayoorodhesha majarida na kuhesabu makala ipi imetajwa na nani. Waandaaji wa orodha mbili maarufu za ubora wa vyuo duniani, QS na Times Higher Education, huchukua hesabu zao humo. Muuza duka amekuwa pia mwenye mizani ya soko zima. Hakuna haja ya kudai kwamba mizani imechezewa ili kuona kasoro ya mpangilio huo. Hakimu wa mechi hapaswi kuwa na timu uwanjani.

Nani analazimisha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kupimwa kwa mizani hiyo? Hakuna. Ni vyuo vyenyewe vinavyoandika, katika kanuni za kupandisha vyeo na matangazo ya zawadi za utafiti, kwamba makala iwe katika jarida la kimataifa linalotambulika, na katika vikao vingi maneno hayo yamekuja kumaanisha orodha ya Scopus. Mhadhiri anayesoma kanuni hiyo hana wa kumlaumu. Anapeleka kazi yake inakohesabiwa. Huku nyumbani, Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linasomwa bure, na jarida la Kiswahili la TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo hichohicho, lina mizizi inayorudi hadi kamati ya lugha ya mwaka 1930, lakini mhadhiri kijana ataambiwa na wakubwa wake, kwa nia njema kabisa, asipoteze makala nzuri huko.

Kisingizio kwamba nchi zisizo tajiri haziwezi kufanya vingine kilishavunjwa na Brazili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa fedha za umma, ilianzisha SciELO, jukwaa la majarida yanayosomwa bure mtandaoni, na nchi nyingi za Amerika ya Kusini zikajiunga. Majarida mengi ya huko huendeshwa na vyuo na vyama vya kitaaluma. Hayakuifilisi Elsevier, wala hilo halikuwa lengo. Yameipa kazi ya madaktari na wanakilimo wa huko mahali pa kukaa ambapo hapana tozo mlangoni.

Wala si lazima kuanza na jambo kubwa kama hilo. Wachapishaji wengi huruhusu mwandishi aweke nakala yake ya mwisho, ile iliyokwisha kukaguliwa, kwenye hifadhi ya chuo chake baada ya muda fulani. Vyuo Vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam vina hifadhi hizo za kidijitali. Kitivo cha sanaa na sayansi cha Harvard kilipitisha Februari 2008 kwamba kila mhadhiri anakipa chuo ruhusa ya kuiweka makala yake wazi kabla hajasaini lolote na mchapishaji. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kilikwenda mbele zaidi. Chini ya mkuu wake wa wakati huo, Bernard Rentier, kiliamua kwamba makala isiyowekwa kwenye hifadhi ya chuo haitahesabiwa mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo. Wahadhiri walinung'unika kidogo, halafu wakaziweka.